Port Bell yaamka, lakini mwenye magunia kumi atapakia wapi?

Mchele wa Tanzania unaouzwa Kisenyi, jijini Kampala, unaweza kuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni barabara. Lori linaondoka Mwanza, linavuka daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, linapita Geita na Bukoba, linasimama Mutukula, kisha linapitia Masaka hadi Kampala. Ya pili ni ziwa. Meli inaondoka Bandari ya Mwanza Kusini na kukata maji moja kwa moja mpaka Port Bell, ambako reli ya kilomita 9 tu inaiunganisha bandari na stesheni ya Kampala.

Ukitazama ramani, njia ya pili ndiyo ya mkato. Ukienda sokoni, utakuta karibu kila gunia la mfanyabiashara mdogo limepita njia ya kwanza. Si kwamba wafanyabiashara hawalijui ziwa. Port Bell, tangu ianzishwe zaidi ya miaka 100 iliyopita, imejengwa kwa ajili ya mwenye behewa zima. Mwenye magunia kumi hakuwahi kufikiriwa.

Hilo linafaa kusemwa sasa kwa sababu mahali penyewe panabadilika. Majini, meli zilizoegeshwa kwa miaka mingi zimerudi kazini. Nchi kavu, viwanja vya Luzira, Mutungo na Bugolobi vimepanda bei, na palipokuwa na maghala na vibanda vya wavuvi pameota kuta ndefu, nyumba za ghorofa na fukwe za muziki wa mwisho wa wiki. Upande wa pili wa ghuba, serikali ya Uganda inaandaa bandari mpya kubwa huko Bukasa. Katika mapatano yote hayo ya nani apewe gati, ghala na uwanja, anayevuka mpaka na mtaji mdogo hajaitwa mezani.

Jina la bandari linatokana na Sir Henry Hesketh Bell, gavana wa Kiingereza wa Uganda, na bandari yenyewe ilianzishwa mwaka 1908. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekomea Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901. Mzigo wowote wa Uganda ulishushwa Kisumu, ukapakiwa kwenye meli za mvuke, ukavushwa ziwa. Pamba ya Uganda ilitoka kwa njia hiyohiyo. Reli fupi ya kutoka Port Bell hadi Kampala ilikamilika mwaka 1915, na kwa takriban miaka 16 iliyofuata bandari hiyo ilikuwa ndiyo lango la mji.

Mwanzo wake haukuwa mtulivu. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa, na Bell huyohuyo aliamuru wakazi wahamishwe kutoka ufukweni ili kuwatenga na mbung'o. Kwa hiyo gati la Port Bell lilijengwa kwenye pwani ambayo wenyewe walikuwa wanaondolewa. Amri ilikuwa na sababu ya afya, lakini iliacha ufukwe mtupu ukisubiri mwenye mamlaka aamue matumizi yake, na tabia hiyo ya kuuona ufukwe kama ardhi isiyo na watu haijaisha.

Watu walikuwepo zamani sana. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba katika eneo la gereza la Luzira walifukua vipande vya sanamu ya udongo, kichwa cha binadamu ambacho wataalamu wa mambo ya kale wanakihesabu miongoni mwa sanamu kongwe zaidi za eneo hili. Kiko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Biashara nayo ilikuwepo kabla ya Bell. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna miaka ya 1840, wakipitia Tabora na Karagwe, na baadaye bidhaa zikawa zinavushwa kwa mitumbwi ya Baganda kutoka pande za kusini ya ziwa. Kwa mfanyabiashara wa leo, jambo la kukumbuka ni kwamba njia ya kusini, ile ya Mwanza, ni kongwe kuliko njia ya mashariki ya Kisumu. Ni mkoloni aliyeigeuza Uganda itazame Mombasa peke yake.

Mapigo manne

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1931, reli ilipofika Kampala moja kwa moja kutoka Nairobi kupitia Tororo na daraja la Jinja. Ghafla haikuwa lazima kushusha na kupakia upya. Port Bell ilibaki na kazi za pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za kutua majini zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini zilikuwa zikitua hapo. Mwaka 1946 Uganda Breweries ilifungua kiwanda karibu na gati, na bia yake ikachukua jina la bandari. Leo Mganda mwenye umri wa miaka 20 anaijua Bell kama chupa kabla ya kuijua kama bandari.

Uhai ulirudi miaka ya 1960. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilileta meli mbili za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, zilizotengenezwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu. Zina reli ndani yake. Behewa linasukumwa kutoka relini hadi tumboni mwa meli, likifika ng'ambo linavutwa nje na kuendelea na safari, bila mtu kugusa gunia. Kila moja hubeba mabehewa 20 hivi. Kwa mteja mkubwa hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Pigo la pili likaja mwaka 1977. Jumuiya ya kwanza ilivunjika na mali ikagawanywa kama ya ndoa iliyovunjika: Umoja ikaenda Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mwenye kutaka kejeli ameipata hapo. Uganda, iliyobaki bila meli ya namna hiyo, ilinunua zake tatu miaka ya 1980 na kuzipa majina ya Kabalega, Pamba na Kaawa.

Mei 8, 2005, Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Hilo ni la tatu. Baada ya ajali hiyo meli zilizobaki ziliondolewa kwenye kazi, na huduma ya mabehewa ya Uganda ikafa. Mkataba wa kuikodisha reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways, ulioanza mwaka 2006, haukuifufua. Reli ya Port Bell ilizidi kumezwa na majani huku makazi yakiisogelea.

La nne halikutoka kwa binadamu, au tuseme halikutoka kwake moja kwa moja. Miaka ya 1990 gugu maji lilifunika ghuba kiasi cha kuzuia meli kuingia. Ghuba ya ndani ya Murchison, ilipo Port Bell, ndiyo inayopokea maji machafu ya Kampala kupitia mfereji wa Nakivubo, na uchafu huo ni mbolea kwa gugu. Jiji linachota maji yake ya kunywa huko Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Mtambo mpya wa kusafisha majitaka wa Bugolobi umepunguza mzigo huo, lakini anayedhani ufukwe utang'aa huku mfereji ukiendelea kumwaga kila kinachotupwa Kampala, ajitayarishe kusikitika.

Foleni ya Malaba ndiyo iliyoamsha meli

Kilichobadilisha hesabu ni hofu zaidi kuliko mpango. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera, barabara zikafungwa, na Kampala ikakosa mafuta. Januari 2022 yakatokea mengine: madereva waligomea masharti ya kupimwa UVIKO-19 mpakani, foleni ya malori ikanyooka kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba na Busia, na bei ya petroli Uganda ikaruka. Kila mara somo lilikuwa lilelile. Nchi isiyo na bahari ikiwa na mlango mmoja, ufunguo anakaa nao jirani.

Mwaka 2018, baada ya ukimya wa takriban miaka kumi, MV Umoja ilirudi Port Bell ikiwa na mabehewa ya chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliyotoka Dar es Salaam kupitia Mwanza. MV Uhuru nayo ilirudi ziwani kutoka Kisumu, ambako serikali ya Kenya iliikarabati bandari yake. Baadaye Kisumu ikajenga meli nyingine, MV Uhuru II. Uganda ikafufua Kaawa na Pamba. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, ilhali Tanzania ina takriban nusu yake na Uganda sehemu kubwa ya iliyobaki, lakini mwenye kipande kidogo ndiye aliyekimbia mbele katika kujenga.

Mafuta nayo yamepata njia yake ya majini. Gati la mafuta la Kisumu lilikamilika mwaka 2018, na kampuni ya Mahathi ilijenga matangi na gati upande wa Uganda, nje ya Barabara ya Entebbe, pamoja na meli ya kubeba lita milioni 4.4 kwa safari moja. Hayo ni mafuta ya malori zaidi ya 100. Eneo hilo huitwa Bugiri-Bukasa, na msomaji asilichanganye na Bukasa ya bandari mpya, ambayo iko Kirinya, upande wa Kira. Wasafirishaji wenyewe hukosea.

Ukiorodhesha wateja wa ziwa lililofufuka, utaona wanafanana: shirika la kimataifa la chakula, kampuni za mafuta, waagizaji wa chuma, saruji na mbolea. Kazi yao ni halali na inapunguza foleni barabarani. Lakini hakuna kati yao anayeuza rejareja Kikuubo.

Bandari ya zamani na mpya

Bukasa imezungumzwa kwa miaka zaidi ya kumi. Kampuni ya Kijerumani ya Gauff ilipewa usanifu na matayarisho, fedha zikakopwa Ujerumani, wenye ardhi wakaanza kuhesabiwa na kulipwa, na kinamasi kikaanza kujazwa. Kazi imekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Fidia, udongo laini na lawama za wahifadhi wa mazingira kuhusu kinamasi kinachochuja maji ya ziwa vimechangia. Hata hivyo nia haijabadilika: shehena kubwa ihamie Bukasa, na Port Bell ipumzike.

Neno hilo la kupumzika ndilo la kuangaliwa. Bandari ikipumzika ndani ya jiji lenye njaa ya ardhi, hailali siku nyingi peke yake. Port Bell iko kwenye ardhi ya Shirika la Reli la Uganda. Imezungukwa na kiwanda cha bia, viwanda vya samaki, kiwanda cha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na gereza kubwa kuliko yote nchini, ambalo nalo mara kwa mara hutajwa kuwa lihamishwe ili kilima chake kitumiwe kwa mambo mengine. Wanaopenda hoteli na nyumba za kutazama maji wanajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu wa bandari iliyozaa mdogo wake na bado ikabaki na kazi. Mombasa, gati za maji marefu zilipojengwa Kilindini, meli kubwa zilihama kutoka Bandari ya Kale. Bandari ya Kale haikufungwa. Ilibakia kwa majahazi na vyombo vidogo vya Somalia, Lamu, Zanzibar na Uarabuni, vyenye mizigo ya watu wa kawaida. Haina mbwembwe, na mapato yake hayafanani na ya Kilindini, lakini mtu mwenye mzigo mdogo ana mahali pa kuushusha karibu na soko. Zanzibar nao walipoitengeneza Forodhani na kuifungua upya mwaka 2009, wachoma mishikaki na wauza urojo walirudishwa, wakapewa sehemu zao. Kila jambo lina walalamikaji, lakini wachuuzi hawakufukuzwa ili bustani ipendeze.

Port Bell inaweza kufuata njia hiyo. Inaweza pia kufuata ile nyingine, ambapo neno "kuboresha ufukwe" lina maana ya uzio na mlinzi.

Watu wa kwanza watakaogusa uzio huo wanajulikana. Jirani na gati kuna mwalo, ambako maboti ya mbao yanaleta sangara, sato na mukene, yaani dagaa, na kurudi visiwani yakiwa na sukari, soda, mabati na abiria. Tangu mwaka 2017, jeshi lilipoanza kusimamia sheria za uvuvi, wenye vyombo vidogo wamepoteza mengi, wengine nyavu, wengine boti zenyewe. Waliosalia wanafanya ile biashara ya majini ambayo wapangaji wa mipango wanasema wanaitaka. Mwalo ukihamishwa mbali na jiji kwa sababu unanuka, gharama ya boda boda na pikapu kutoka huko mpya hadi sokoni itaingia kwenye bei ya samaki.

Upana wa reli utakavyoibadilisha meli

Kuna mabadiliko mengine yanayokuja, ambayo wengi hawajayaunganisha na gati la Port Bell. Tanzania inajenga reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435. Treni za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kinajengwa tangu mwaka 2021. Uganda nayo ilitia saini Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi kujenga reli ya namna hiyo kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272.

Reli zilizomo ndani ya Umoja, Uhuru, Kaawa na Pamba ni za upana wa zamani, milimita 1,000. Behewa la reli mpya haliwezi kuingia humo. Reli ya zamani ya Mwanza ipo na itaendelea kutumika, lakini shehena inayofuata mwendo kasi itafika Mwanza kwenye behewa lisilopanda meli. Italazimu kushushwa na kupakiwa upya, iwe ndani ya kontena au ikiwa mifuko na maboksi.

Kwa mwenye mzigo mkubwa hiyo ni kero, maana sifa yote ya meli ya mabehewa ilikuwa kutogusa mzigo. Kwa mwenye mzigo mdogo ni mlango. Mara shehena inaposhushwa kwa hali yoyote, meli haina sababu tena ya kuwa tumbo la mabehewa peke yake. Inaweza kuwa meli ya mchanganyiko: kontena hapa, mifuko 300 ya mchele ya watu 30 pale, abiria juu.

Historia pia inaonya. Mwaka 1931 reli ya moja kwa moja kutoka mashariki iliiua kazi ya meli za Kisumu. Reli ya Malaba–Kampala ikikamilika, na Kenya ikifikisha yake mpakani kutoka Naivasha ilikokomea mwaka 2019, hakuna sababu ya kudhani kwamba mambo yatakwenda tofauti. Mzigo wa Mombasa utapenda treni. Kwa hiyo uhai wa Port Bell wa miaka 20 ijayo uko kusini, Mwanza, Kemondo na Bukoba, ambako reli itaishia ukingoni mwa maji na barabara inazunguka ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi limeifupisha barabara hiyo, kwa hiyo hata huko meli italazimika kushindana.

Meza ya forodha ya mwenye magunia kumi

Mashindano hayo hayataamuliwa na nauli peke yake. Mfanyabiashara mdogo haogopi safari ndefu kama anavyoogopa safari isiyo na ratiba. Mtaji wake unazunguka kila wiki. Ananunua Jumatatu, anauza Ijumaa, anarudi. Lori linaondoka likijaa, na linajaa haraka kwa sababu ni dogo. Meli ya tani elfu moja inamsubiri mteja mkubwa, na asipokuwepo haiondoki. Mchele unaweza kusubiri, nyanya haiwezi, na hata mchele ukisubiri mkopo wa kikundi hausubiri.

Lingine ni karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mizigo midogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha na bila kulazimika kupitia mlolongo wa wakala. Utaratibu huo umewasaidia hasa wanawake, ambao ndio wengi katika biashara ya mipakani. Nao umeota mizizi kwenye vituo vya huduma kwa pamoja vya nchi kavu: Mutukula, kilichozinduliwa mwaka 2017, Busia, kilichofuata mwaka 2018, na Malaba. Huko kuna madawati, maofisa waliozoea mtu mwenye magunia matano, na vyama vya kumtetea anapoonewa.

Mipaka ya majini ilijengwa kwa mawazo mengine. Mzigo unakuja na hati za meli, wakala wa forodha na jina la kampuni. Magunia ya watu kumi yakisafiri kwa jina la mmoja wao, mbele ya forodha huo ni mzigo mmoja mkubwa, umevuka dola 2,000, na wale tisa hawana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mali ni yao. Ukipotea, hawana pa kudai. Ukizuiwa, wanaomba kwa hisani ya mwenye jina. Kikuubo na Kisenyi kuna watu wenye ujuzi wa kukusanya mizigo ya wengi katika lori moja na kumpa kila mmoja stakabadhi yake. Ujuzi huo unaweza kuhamia gatini, mradi hati ya meli iruhusu kuandika wenye mali mmoja mmoja na kila mmoja apate cheti chake.

Hilo halihitaji mkopo wa Ujerumani. Linahitaji dawati, mizani, ghala lenye paa lisilovuja na ofisa mmoja wa kila nchi ndani ya chumba kimoja, kama ilivyofanyika Busia. Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ipo tangu mwaka 2007. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao Kisumu. Vyombo vya kuzungumzia jambo hili havijakosekana.

Abiria nao ni sehemu ya hesabu, kwa kuwa mfanyabiashara mdogo husafiri na mzigo wake. Kwa miaka mingi Port Bell haijawa na meli ya abiria ya uhakika kwenda Mwanza, na kumbukumbu ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, bado inazitia hofu familia za kando ya ziwa. Tanzania imejenga MV Mwanza, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023. Wakuu wa huko wamekuwa wakiitaja Port Bell na Kisumu miongoni mwa bandari ambazo inaweza kuzifikia. Vipimo vyake ndivyo hasa vya mchuuzi: watu wengi, mizigo ya wastani. Lakini meli ya abiria 1,200 inataka ukumbi wa uhamiaji, vyoo, maji, kituo cha teksi na boda boda, na gati ambalo mtu anaweza kushukia bila kuruka juu ya reli. Mkao wa Port Bell leo ni wa mabehewa.

Inataka pia gati linalokubali ziwa linalopanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalifikia kiwango kilichovunja rekodi ya mwaka 1964, yakaingia kwenye hoteli, mialo na bandari pande zote za ziwa, na mwaka 2024 yakapanda tena. Jengo lolote jipya la ufukweni Luzira litakalochorwa kana kwamba miaka hiyo haikuwepo litadaiwa na maji.

Nani wa kuulizwa? Ardhi ni ya Shirika la Reli, chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jiji linasimamia barabara na masoko. Mamlaka ya Mapato inasimamia forodha. Katika mpangilio huo kila mmoja anaweza kumsukumia mwenzake. Kwa upande wa wafanyabiashara, chama cha KACITA cha Kampala kimeonyesha mara kadhaa kwamba kinaweza kuifanya serikali isikilize. Mwaka 2024 maduka yalifungwa kwa sababu ya mfumo wa risiti za kielektroniki, na Rais akalazimika kukutana nao. Nguvu hiyo imetumika kwa kodi na kwa kodi ya pango. Haijatumika kwa gati.

Muda wa kuitumia ni kabla viwanja vinavyozunguka bandari havijakodishwa kwa miaka 49 au 99, kwa sababu mkataba wa namna hiyo ukishatiwa saini, mfanyabiashara wa leo hatakuwepo utakapokwisha. Bukasa bado inajazwa udongo, reli ya Mwanza bado inajengwa, na ile ya Malaba bado haijakamilika. Maghala ya Port Bell yamesimama, reli ya kilomita 9 ipo, na kati ya hapo na Kisenyi hakuna mpaka wa kuvuka.